Mama, Mashine na Kuku wa Uani

Mama yangu ana miaka 78. Ana presha, ana sukari, na juu ya hayo ana maoni. Hayo mawili ya mwanzo yana dawa.

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020 ilitukuta wanawe tisa tumetawanyika: wengine Nairobi, dada Mombasa, kaka mkubwa Muscat, na mama peke yake Malindi, katika nyumba ambayo ameapa hatoki ila kwa jeneza. Tarehe 6 Aprili serikali ikaifunga Nairobi. Siku mbili baadaye ikazifunga Kilifi, Mombasa na Kwale. Malori ya mizigo, lakini, ruhusa kupita. Basi mashine ya presha ikavuka mpaka wa kaunti, kipimo cha sukari kikavuka, kamera ya ukutani ikavuka na nyaya zake, na mimi niliyenyonya kwa mama huyo nikabaki Nairobi nimeshika risiti.

Wazo la mashine lilikuwa la kaka wa Muscat. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kuchanga.

Tuanze na presha. Karatasi ya maelezo inasema mpimwaji atulie dakika tano, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, haja ndogo ameshakwenda, na asiseme neno mashine ikijaza hewa. Aliyeandika hayo hajapata kukaa Malindi. Dakika tano kwa mama ni salamu za mtu mmoja, tena mtu asiye na mgonjwa nyumbani. Mashine inavimba mkononi, muuza samaki anapita dirishani, mama anauliza changu leo bei gani, inatoka 171. Sote tunapiga simu roho mkononi. Mama anatujibu kwamba hata yeye ameshtuka, kwa bei ile nani asipande presha?

Simu za video nazo. Mwanzoni WhatsApp ilichukua watu wanne tu kwa simu moja. Mwisho wa Aprili wakaongeza hadi wanane. Sisi na mama tu kumi. Kila Ijumaa wawili wakawa wanaachwa nje, na walioachwa walinuna hadi Ijumaa ya pili. Walioingia waliona nini? Sikio. Mama anajua simu mahali pake ni sikioni, basi watu wazima saba, wenye kazi zao na wake zao na waume zao, tulikaa tukikodolea kipuli cha dhahabu na kuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Halafu kikaja kile kibano cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kuusoma ng'ambo ya pili. Kikionyesha 95 kwenda juu, lala usingizi. Idd-ul-Fitr iliangukia 24 Mei, na mama, korona isikorona, alikuwa amepakwa piko hadi kwenye kucha. Kibano kikasoma 84. Kaka Muscat akalia kwa sauti. Mmoja wetu akaanza kutafuta gari la wagonjwa, na siku zile kafyu ilikuwa inaingia saa moja jioni. Mgonjwa mwenyewe yuko jikoni anamgombeza mtu aliyeunguza tambi.

Tukampata daktari wa simu. Alisubirishwa kwanza, kwa sababu mama hawezi kuonekana na daktari kabla hajavaa buibui na kujifukiza udi. Udi, kwa mtu aliye Nairobi! Daktari akauliza swali moja tu: "Bi mkubwa, kucha zina rangi?" Akaagiza kibano kigeuzwe ubavu, mwanga usipite kwenye ukucha. Kikasoma 97.

Sasa, aliyekigeuza ni nani? Hapa ndipo penye malalamiko yangu hasa. Ni mtoto wa dada yangu, wa darasa la saba, aliyeletwa kwa bibi yake shule zilipofungwa katikati ya Machi. Kwenye kila boksi la mashine zile kuna picha ya bibi mwenye meno yote, amekaa peke yake, anachekea kioo. Hakuna boksi lenye picha ya mtoto anayetafuta betri, anayechaji simu, anayeandika namba kwenye daftari la hisabati na kumwambia bibi "nyamaza kidogo, inapima." Kaka alikuwa akisema kwa majivuno kwamba mfumo wetu unakwenda vizuri. Mfumo ulikuwa na miaka kumi na mitatu na ulipenda mahamri.

Mfumo pia ulijua hesabu. Kutuma pesa kwa M-Pesa zisizozidi shilingi 1,000 kulikuwa bure tangu Machi hadi mwisho wa mwaka, kwa hiyo ukihitaji bando uliomba 950. Ukiambiwa ni nyingi, mtandao unasumbua.

Na kweli ulikuwa ukisumbua. Julai ile nchi nzima ilisifu maputo ya Loon yaliyorushwa angani, kilomita 20 juu, kumwaga intaneti. Yalihudumia magharibi na katikati ya Kenya. Malindi waliendelea kusimama chini ya mwarobaini kutafuta mtandao.

Kamera ilikuwa na spika. Usiku wa kwanza kaka akasema kutoka ukutani: "Mama, dawa umekunywa?" Mama akasoma Ayatul Kursi mpaka mwisho, kisha akauuliza ukuta: "Na wewe Isha umeswali?" Ukuta ukanyamaza. Asubuhi akaamuru kamera igeuzwe itazame uani, maana kuna mtu anamwibia mayai. Tangu siku hiyo wanawe tisa, katika nchi mbili, tukawa walinzi wa kuku.

Januari 2021 ikatangazwa kwamba mradi wa maputo unafungwa. Mwezi huohuo, tarehe 4, shule zikafunguliwa kwa wote, mtoto akarudi Mombasa. Tukafanya kikao cha dharura cha watu saba. Ajiriwe nesi? Atumwe nani? Katikati ya ubishi mama akaingia mwenyewe kwenye simu, uso mzima, na mwanga unamwangukia vizuri.

"Kwani mimi kipofu? Tangu Ramadhani najua kubonyeza hivyo vitu."

Sasa mbona hakusema?

"Shule zimefungwa, mtoto wa watu akae bure?"

Siku hizi ripoti inakuja kwa ujumbe wa sauti baada ya Alfajiri, kwa wote tisa, bila salamu: "Presha 132 kwa 80. Sukari 6.8. Kuku kumi na mmoja. Ile 950 ya mtoto nitumieni mimi."