Sindano ya Ujana

Ee jamani, huu umri wa miaka hamsini umetuletea nini? Kaa hapa Luhwindja kwenye benchi mbele ya ligablo, jua halijazama utakuwa umesikia wanaume wazima wakinong'onezana neno moja tu: "nguvu." Baba kakesha shimoni akipiga sururu, katoka kamalizia na ndoo ya pombe ya kasiksi, kitambi kinamtangulia mlangoni, kisha anashangaa mwili umegoma. Loo! Mwili nao si una haki zake?

Hapo ndipo anapojitokeza yule mjuzi. Kila kijiwe kina wake, na wewe wako unamjua. Mkobani ana mizizi, ana vidonge visivyo na jina, na siku hizi ana kichupa cha testosteroni, dawa ya mafuta mafuta, kimepanda gari kutoka Bukavu. "Yaya, choma hii, utakuwa kijana tena!"

Baba mmoja wa huku alichoma. Tukamwona: kifua mbele, ugomvi na kila mpita njia, chunusi usoni kama mtoto wa sekondari. Alikuwa ameoa tena, anataka mtoto. Miezi ikapita, tumbo la mke kimya. Akalaumiwa nani? Mke, nani mwingine! Mama mkwe akaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari kwa sauti, majirani wasikie. Mtoto wa watu akalia mpaka macho yakavimba. Kumbe testosteroni ya sindano ikishajaa mwilini, ubongo huacha kuzituma korodani kazini, na mbegu hupungua hata kuisha kabisa. Ayii! Mtu katoa dola zake, kanunua ugumba, na lawama kambebesha mwenzake!

Wala wazimu huu haukuanzia huku kwetu Bushi. Mwaka 1889, jijini Paris, profesa mzima aitwaye Brown-Séquard, mzee wa miaka 72, alijidunga maji ya korodani za mbwa na za simbilisi, hawa hawa tunaowafuga jikoni, akawatangazia wenzake kwamba ujana umerudi. Kule Kansas, Marekani, bwana mmoja aitwaye Brinkley akawashonea wanaume korodani za beberu, na watu walipanga foleni. Wanaume sisi!

Dawa yenyewe si uongo. Wanakemia Butenandt na Ruzicka waliitengeneza mwaka 1935, na mwaka 1939 wakatunukiwa Nobeli. Yupo mtu ambaye korodani zake zimeshindwa kweli, na sindano humrudishia hamu, nyama ya mwili, hata furaha. Lakini huyo amepimwa damu asubuhi, siku mbili tofauti, na bado anafuatiliwa tezi dume na wingi wa chembe za damu, kwa sababu dawa hii huifanya damu kuwa nzito. Na sisi wa Luhwindja, kwenye milima ya Twangiza, zaidi ya mita 2,000 juu, hewa nyembamba imekwisha kuzidisha damu yetu kabla ya sindano yoyote. Mwenye mkoba atayajulia wapi hayo?

Basi ndugu yangu, usimvulie suruali mwenye mkoba. Shuka Bukavu, upimwe homoni, upimwe na sukari, maana kisukari kinawaangusha wengi wanaodhani wamerogwa. Na kama nyumbani mnatafuta mtoto, mwambie dokta kabla ya sindano ya kwanza, na mkeo awe amekaa hapo hapo anasikia.