Nusukaputi ya Baada ya Biriani
Madaktari wa usingizi wa kanda yetu hukutana kila mwaka, na kila mwaka, wakishashiba biriani, hulazana wenyewe kwa wenyewe bila sindano. Slaidi ya arobaini na tatu, kiyoyozi kinanguruma, mwenyekiti kidevu kifuani, kalamu imemponyoka. Tangu daktari wa meno Morton amnusishe mgonjwa etha kule Boston, tarehe 16 Oktoba 1846, sijui kama kuna nusukaputi iliyokolea upesi hivi (wala ya ghali hivi). Shirikisho lao la dunia linataka angalau madaktari bingwa watano kwa kila watu 100,000. Afrika Mashariki hatufikishi hata mmoja, na huyo nusu tuliye naye ndiye anayekoroma safu ya pili. Lakini hazinduliwi na mtu: likitajwa tu neno posho, macho kodo.