Sifa za Shingo Iliyolegea

Pancha haina adabu. Inakuja bila hodi, inakushusha njiani juani, inakuacha ukisukuma. Mnyororo nao ukichomoka hauondoki mpaka uchukue pindo la suruali. Katika magonjwa yote ya baiskeli niliyouguza hapa Tanga, ni mmoja tu ulioniheshimu, nao ni kulegea kwa shingo. Huu hupiga hodi. Ukibana breki ya mbele unasema ko. Ukiachia, ko. Ukivuka reli unasema ko-ko-ko, kama mgeni aliyekwisha kuona taa inawaka ndani.

Mji wetu ni wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, na Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba, akina mama huenda sokoni kwa baiskeli, baibui limekusanywa lisishike spoki. Ndio mkoa uliomzaa Shaaban Robert, mwaka 1909, pale Vibambani, yule aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, muuza vyungu aliyeishia kuimba kwenye santuri. Kwa kalamu sijilinganishi naye hata kidogo. Naazima ruhusa tu: kama muuza vyungu alipata kitabu kizima, gololi isinyimwe kurasa mbili.

Kwa wasioijua, shingo ni pale uma wa mbele unapopita ndani ya fremu kwenda kukutana na usukani. Juu kuna bakuli na chini kuna bakuli, na kila bakuli lina duara la gololi ndogo zinazolala kwenye grisi. Kazi yao ni ya kusikitisha. Gololi za gurudumu huzunguka, zikatembea, zikaona dunia. Za shingo hukaa palepale, kwa sababu mwendeshaji huenda mbele zaidi kuliko anavyokata kona, na kila shimo la barabara huzigonga utosini. Miaka ikipita huchimba vijishimo kwenye bakuli, kila moja na kitanda chake. Ndipo ukiinua gurudumu la mbele na kugeuza usukani taratibu, unausikia ukinasa katikati kabisa, kana kwamba baiskeli imeapa kwenda moja kwa moja maisha yake yote. Mimi nawajua watu wazima wasio na msimamo huo.

Sasa niseme ukweli: shingo yangu haikulegea yenyewe. Niliilegeza mimi, Jumamosi moja baada ya chai, kwa nia njema. Nilitaka kubadilisha grisi tu. Nilikuwa na mafuta ya taa kwenye kopo, kitambaa, na ile spana ya kubana saizi zote ambayo mafundi huiita kwa jina lisilosemwa mbele ya wakwe. Nilifungua nati ya juu, nikafungua koni iliyo chini yake, nikainua fremu. Gololi za bakuli la chini zikaona mlango uko wazi.

Wanaosifu kimya cha nyumba hawajasikia gololi zikishuka kwenye sakafu ya saruji. Zilikuwa 22 juu na 22 chini, nilizihesabu kabla ya msiba. Baada ya nusu saa ya kutambaa nilikuwa na 43. Mama watoto alisimama mlangoni akanitazama nimelala kifudifudi, mkono mzima chini ya kabati. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaenda zake jikoni. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, lakini siku hiyo ndiyo ilinipata.

Nikaunga kila kitu, nikakaza nati mpaka mishipa ya shingo yangu mimi ikasimama, nikatoka. Kufika kona ya kwanza, breki: ko.

Hapo ndipo nilipoanza kuujua utukufu wa ugonjwa huu. Kwanza, unakusanya watu. Simama barabarani, bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, na kabla hujafika mara ya tatu utakuwa na baraza. Mmoja atasema ni ekseli. Mwingine atasema hizo ni breki za vyuma, zina desturi ya kugonga. Kijana asiye na baiskeli atasema ununue nyingine. Na wote wana haki, kwa kuwa ekseli iliyolegea hugonga hivyohivyo, na breki iliyochakaa pia. Ni ugonjwa unaowapa watu wote nafasi ya kuwa daktari, jambo ambalo hata serikali imeshindwa.

Pili, unakurudisha kwa wazee. Chini ya mwarobaini, si mbali na kwangu, kuna fundi ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nikimpita kwa salamu ya haraka. Sasa nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefungua mwenyewe?"

Hakuwa ameigusa baiskeli bado. Alikuwa ametazama kucha zangu.

Aliweka kidole cha shahada kwenye mwanya wa bakuli la juu, akaniambia nibane breki na kusukuma. Kidole kikauhisi mchezo. Kumbe ndivyo inavyojulikana: ekseli ikiwa ndiyo yenye kosa, mwanya ule hautikisiki. Nikaungama habari ya gololi ya 44. Nilitegemea anikemee. Akacheka. Akasema bakuli halijazwi pomoni, lazima ibaki nafasi ya kama gololi moja, vinginevyo zinabanana na kusuguana. Nusu saa yangu chini ya kabati, na kifua changu chote cha vumbi, vilikuwa sadaka tu.

"Washa iko wapi?" akauliza.

Ndiyo kosa. Kati ya koni na nati ya juu hukaa washa yenye ulimi, na ulimi huo huingia kwenye mfereji uliochongwa kwenye bomba la uma, ili nati ikikazwa koni isifuate. Mimi niliiona washa ile mezani nikadhani ni ya ziada. Basi koni ilibaki bila cha kuizuia, ikahama kutoka pale nilipoiweka. Na haihitaji kuhama sana. Hesi za shingo aghalabu ni 24 kwa inchi, mzunguko mzima ni kama milimita moja. Robo ya mzunguko, kitu ambacho mkono hausikii, inatosha kuitia baiskeli kigugumizi. Kwa upande mwingine ukizidisha kukaza, usukani unakuwa mgumu na baiskeli inayumba kama mlevi. Mzee alitia washa nyingine, akashika koni kwa spana moja na kukaza nati kwa ya pili, akarudisha nyuma kidogo sana, akajaribu, akarudia. Dakika kumi. Alichukua pesa kidogo kuliko bei ya kopo langu la grisi.

Akanionya kwamba shingo iliyofunguliwa hujipanga upya kwa siku chache, kwa hiyo nirudi aikague. Niliitikia kama mgonjwa anavyomwitikia daktari.

Wiki mbili nilipanda baiskeli bubu. Hakuna aliyenisimamisha, hakuna aliyeniuliza habari. Breki zilishika, usukani ulitii, na njia nzima ya kwenda Raskazone sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Wiki ya tatu, karibu na bahari, nilimkwepa mbuzi, nikabana breki ya mbele, na chini ya mikono yangu nikasikia sauti ndogo ninayoifahamu.

Washa ile ya kwanza ilipatikana. Binti yangu ameitungia uzi ameivaa shingoni, nami nimemwachia. Kwa fundi nitakwenda kesho. Wewe msomaji, tukikutana njiani leo ukasikia ko, usinipe pole wala ushauri. Nipishe tu, maana hapo ndipo ninapofunga breki.