Tangi la Maji Matupu

Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, au Amu kama tuitavyo wenyewe, mtu anaweza kuficha mengi. Kuta za nyumba zetu ni nene hata ukigombana na mkeo usiku jirani hasikii. Habari ataipata asubuhi, tena kwa mtu wa mtaa wa pili. Kuna daka, kuna tekani, kuna mlango wa nakshi na komeo lake, na vyote vilijengwa ili mpita njia asijue ndani kuna nini. Lakini katika mafundi wote wa Amu hakuna aliyewahi kufikiria namna ya kusitiri tangi la kioo lenye maji, taa, mawe na pampu inayobubujika, halafu halina samaki hata mmoja.

Tangi ni la mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye tunakaa naye. Alikwenda Mombasa kusoma, akarudi na cheti na tangi la lita mia. Cheti kiliingia mkobani. Tangi lilipanda basi hadi Mokowe, likavuka kwa mashua likiwa limevishwa magodoro, likateremshwa gatini na hamali wawili waliokuwa wakipiga Bismillahi kila hatua. Vichochoro vyetu vingine ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili kwa pamoja. Katikati ya kimojawapo wakakutana na punda aliyebeba mawe ya ujenzi. Hamali wakaita, "Simile!" Punda wa Amu analijua neno hilo tangu tumboni mwa mamake, na anajua pia kwamba huambiwa watu. Hakusogea. Lililorudi kinyumenyume ni tangi, hadi penye baraza, ambapo wazee walipata nafasi nzuri ya kulikagua. Mmoja akakata shauri kwamba ni friji ya kuuzia aiskrimu. Kufika alasiri habari zilikuwa zimeshafika mtaa wa Langoni, na mpaka leo kuna watoto wanaobisha hodi kuulizia ya embe.

Kijana alitaka liwekwe juu ghorofani, chini ya zidaka, ili likae karibu na vyombo vya Kichina vya marehemu nyanya yake mkuu. Ami yangu, aliyefanya kazi ya chokaa ujana wake wote, akainua macho kutazama boriti. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu hiyo hiyo: boriti ya mkoko haiwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi bila kulalamika. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita mia ni kilo mia kabla hujahesabu kioo na mawe, na mzigo wote unasimama juu ya miguu minne.

"Boriti hizi zimebeba harusi," ami akasema.

"Basi si zina nguvu, babu?"

"Harusi huisha watu wakenda zao. Hili lako litakaa."

Likawekwa chini, msana wa tini, mbali na jua ili maji yasiote ukijani. Hapo ndipo kila anayeingia nyumba hii hulazimika kupita. Ungependa kulionyesha kwa mji mzima usingepata mahali bora.

Kisha ikaja zamu ya mawe. Mpwa wangu alikuwa amesoma kwamba mawe yenye chokaa huyafanya maji kuwa magumu, na samaki wa mito ya Amazon aliokuwa akiwaota hawayapendi maji magumu. Kipimo chake ni rahisi na ni cha kweli: dondoshea jiwe siki, likitoa povu lina chokaa. Akatoka na chupa ya siki. Jiwe la uwanjani likatoa povu. La pwani likatoa povu. Lililotumika kuzuia mlango usijigonge, povu. Akaanza kushuku siki, akaenda kujaribu ukutani, na ukuta wa nyumba ukatoa povu. Ningeweza kumwambia mapema. Mji huu wote ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nayo chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. UNESCO waliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 wakijua hivyo. Ukitafuta jiwe lisilo na chokaa Mkomani, utatafuta mpaka uchoke. Mke wangu alichosema ni kwamba siki ile ilikuwa ya kachumbari.

Maji nayo yana mambo. Ya kisima chetu yana chumvichumvi. Ya bomba, yanayotoka kwenye visima vya matuta ya mchanga ya Shela, ambako mvua hujichuja yenyewe mchangani, ni matamu, ila yakitiwa dawa ya klorini huwa hayafai kwa samaki mpaka yatulie ndooni siku nzima yakiwa wazi. Kwa hiyo uwanja wetu ukajaa ndoo zisizoruhusiwa kuguswa. Katika mji ambao maji hukatika bila taarifa, kuwa na ndoo kumi zilizojaa na kumkataza mtu kutia kata ni kutafuta ugomvi.

Hatimaye tangi likajaa. Taa ikawaka, pampu ikanguruma, mawe yakapangwa vizuri (ya chokaa, hakukuwa na mengine). Kila mtu akakaa kungoja samaki, na mpwa wangu akatangaza kwamba samaki bado. Wiki nne, huenda sita.

Sababu zake ni za haki, na nitazieleza kwa sababu nimezisikia mara nyingi hata nikashiba. Samaki hutoa uchafu katika maji yale yale anayovuta pumzi, na sehemu kubwa ya uchafu huo ni amonia inayotokea kwenye matamvua yake. Baharini hupotea. Tangini haina pa kwenda, na humuunguza mwenyewe. Katika maji magumu yenye joto kama yetu amonia huwa kali zaidi. Wanaomwokoa ni bakteria wa makundi mawili: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu; wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka uje ubadilishe sehemu ya maji. Bakteria hao hawaogelei ovyo. Hujishikiza kwenye mawe, kwenye kioo, na zaidi kwenye sponji la kichujio, nao huchelewa kuongezeka. Mwenye haraka akitia samaki siku ya kwanza, kwa kawaida huwazika kabla mwezi haujaandama.

Yote hayo ni kweli. Sasa waelezee wageni wa Mkomani.

Shangazi alikuwa wa kwanza. Akainama, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Wamelala?" Jirani wa nyuma akasema lazima ni wale wa bei ghali, ndiyo maana hawaonekani kwa macho. Barazani ikaamuliwa kwamba kijana ametapeliwa kwenye simu: amelipia tangi na samaki, akaletewa tangi. Wengine walitaja jini, lakini kwa heshima, mimi nikiwa nimeshapita. Mvuvi mmoja, mtu mwema sana, alileta mkunga mdogo kwenye ndoo, bure. Alipoambiwa humo mna maji matamu, alimtazama mpwa wangu kwa huruma. "Mumezungukwa na bahari pande zote," akasema, "na nyinyi mwafuga samaki ndani ya maji ya kunywa?" Akaondoka na mkunga wake akitikisa kichwa.

Yote hayo tungeyavumilia lau kijana asingekuwa mkweli. Mtu akimuuliza anangoja nini, alijibu, "Tunangoja bakteria waongezeke."

Neno hilo watu wanalijua. Wamelisoma kwenye mabango ya kipindupindu. Siku ya pili yake wageni walianza kuomba radhi kila wakiletewa sharubati: huyu amefunga sunna, yule ametoka kunywa sasa hivi. Mke wangu huuza barafu za ukwaju kwa watoto wa chuo. Watoto wakaacha kuja, isipokuwa wale wa aiskrimu ya embe, ambao hawataki ukwaju. Kikafanyika kikao cha nyumba, na ikapitishwa kwamba kuanzia hapo tunangoja "maji yatulie". Kutulia hakumtishi mtu.

Bakteria, hata hivyo, wanataka chakula, na tangi lisilo na samaki halina uchafu. Dawa yake ni kutia kitu kioze. Mpwa wangu akaenda sokoni, akanunua kamba mbichi, mnono, akamfunga kwenye kipande cha soksi na kumning'iniza majini. Mke wangu alikuwa ameyameza ya siki na ya ndoo. La kamba hakulimeza. Huku kwetu mtu hufikiria mara mbili kabla ya kununua kamba wa kula. Kununua wa kuozesha makusudi kulihitaji maelezo, na maelezo yakawa ni bakteria, neno ambalo lilikuwa limeshapigwa marufuku.

Harufu ilianza polepole. Paka wa Amu ni wembamba, wa miguu mirefu, na wageni huwapiga picha kana kwamba ni masharifu. Mmoja wao alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha tangi tangu siku ya kwanza, akiyatazama maji matupu. Katika mtaa mzima ndiye pekee aliyeamini kwamba kuna kitu kitatokea. Kikatokea: usiku umeme ulikatika, pampu ikanyamaza, asubuhi tukakuta soksi sakafuni, tupu. Bahati nzuri mtoto wa jirani, kwa kutuonea huruma, alikuwa ameiba dagaa mbichi kwenye kapu la mamake na kumtumbukiza, "aanze na huyu." Ameshakufa, bila shaka, lakini amonia haiulizi. Dawa ya kupimia amonia, iliyoagizwa kutoka Mombasa, iligeuka kijani. Mpwa wangu akaeleza kwamba hapo kijani ndiyo hatari na njano ndiyo salama. Ami akasema ndiyo maana yeye haamini taa za trafiki, ambazo Amu hatuna.

Muda wote huo mama yangu hakusema neno. Ana miaka mingi, na maneno yake huyapima. Jioni moja alimwita mjukuu wake, akamwambia apande naye msalani.

Nyumba za zamani za Mkomani zina birika msalani, hodhi la chokaa la maji ya kuogea. Chini yake hutiwa bakuli la Kichina, na ndani huwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Birika la mama lina samaki tangu alipoingia nyumba hii akiwa bi harusi. Mjukuu, aliyezaliwa humu na kuoga humu, alisimama akiwaangalia kana kwamba wameletwa jana.

"Hawa nani aliwangojea?" mama akauliza.

Kisha akampa masharti yake. Maji hayatolewi yote, ni kupunguza na kuongeza. Sabuni haiingii birikani, hata mkono wenye sabuni hauingii. Kuta hazisuguliwi, zikiteleza, ndio uzima wake. Yakipungua, samaki wana bakuli lao. Kijana alisikiliza mdomo wazi, kwa sababu ndiyo masharti aliyoyasoma, ila yake yalikuwa na picha.

Akajaribu kujitetea kwa historia. Akamsimulia habari za Robert Warington, mkemia wa London, aliyeeleza mwaka 1850 jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu, mmea na konokono katika chombo cha galoni kumi na mbili, wakaishi kwa kutegemeana. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Na mbu?" akauliza. Hakukuwa na mbu katika habari ile. Basi mama akaona mzungu yule alikuwa na samaki wasio na kazi.

Kilichofuata kilikuwa jambo la busara: sponji jipya la kichujio lilifungwa uzi na kutumbukizwa birikani, lishike huo utelezi, kisha lihamishiwe tangini. Ndivyo wafugaji wa samaki wafanyavyo wanapotaka kufupisha ngoja yao, maana bakteria hukaa zaidi kwenye sponji kuliko kwenye maji. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ami alipokuja kuoga, akakuta sponji zuri limewekwa karibu, akalipaka sabuni. Alitoka msalani akisifu. Sponji la pili lilifungwa pamoja na karatasi ya plastiki yenye maandishi: SI LA KUOGEA. Ami alikasirika, akasema yeye anajua kusoma.

Dawa ya kupimia ilipokaa njano bila kubadilika, samaki wakaja. Hawakuwa wale wa Amazon. Maji yetu yaliwakataa tangu siku ya siki. Walikuja moli, weusi, wachache, ndani ya mfuko uliopulizwa oksijeni, wakaachwa waelee na mfuko wao mpaka joto la maji lilingane. Moli wanapenda maji magumu, na chumvi kidogo haiwaudhi. Mawe yote yaliyotoa povu yalikuwa yao. Shangazi alikuja kuwaona, akasema, "Hawa weusi tu? Mwezi mzima?"

Moli hawatagi, huzaa, na huzaa bila mpango. Sasa tangi limejaa, birika limepokea wake, na mama amekataa zaidi. Kwa hiyo anayetaka vitoto vya moli na aje, hatuuzi, barafu za ukwaju ndizo tunazouza. Alete chombo kisichonuka sabuni. Na kabla hajavuka daka atatuambia tangi lake lina maji tangu lini. Akisema tangu asubuhi, atakunywa sharubati, atarudi kwao mikono mitupu.