Misingi ya Hatiolojia: Uainishaji wa Waliosamehewa Wasiokubali, Kanda ya Lemera

Mwanafunzi, kaa sawasawa, ufungue daftari. Leo tunaingia katika hatiolojia, taaluma mama ambayo unajimu na tiba ni vitawi vyake tu. Uwanja wetu wa utafiti ni Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi, ambako mbegu ya Wapentekoste wa Uswidi ilizaa hospitali na makanisa ya jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC. Msamaha huhubiriwa huko bila upungufu. Wanaopungua ni wapokeaji.

Fasili. Hatia-baki ni hatia ambayo Mungu ameshaifuta na mwenyewe bado anaikumbatia. Usiichanganye na hatia-hai, ambayo haijatubiwa. Wala na deni la mbuzi, litakalotengwa katika Aina ya 3.

Aina ya 1: Mtubu-rudufu. Kila Jumapili hupita mbele kwa dhambi ileile, hata wanakwaya wameikariri kuliko nyimbo zao. Ana vijiaina viwili: (a) anayelia kabla ya kuitwa, (b) anayelia baada ya kuitwa. Atakayewachanganya hawa wawili asijiite msomi.

Aina ya 2: Mvuvi-vilindi. Nabii Mika (7:19) anafundisha kwamba dhambi hutupwa vilindini mwa bahari. Kwa kuwa bahari iko mbali, sayansi inaturuhusu Ziwa Tanganyika, lenye kina cha hadi mita 1,470. Duniani Baikal pekee hulizidi. Ukipita mita 250 hakuna oksijeni: samaki haishi huko, na dhambi, kwa mantiki hiyohiyo, haipumui. Wavuvi wa ndagala wa Uvira hawahangaiki na vilindi hivyo. Mvuvi-vilindi hushuka na taa usiku wa manane, akaopoa dhambi ya ujana wake, imekufa kitambo, akaiuliza kama bado inamkumbuka.

Aina ya 3: Mlipa-riba. Amesamehewa bure, naye analipa kidogo kidogo. Anafagia kanisa, anabeba mchanga wa ujenzi. Ukimshukuru ananuna, maana shukrani inampunguzia malipo. Atakutajia Zakayo (Luka 19), aliyeahidi kurudisha mara nne. Kosa la kimbinu! Zakayo aliahidi kuwarudishia watu aliowadhulumu. Mungu hakudai chake. Kanuni: mbuzi wa jirani arudishwe kwa jirani, na miguu yake yote minne. Mbinguni hakuna zizi la kumpokelea.

Aina ya 4: Mshindania-ukuu. Huyu anashikilia kwamba dhambi yake inaushinda uwezo wa Msamehevu. Uchunguzi umebaini kiburi kilichovaa gunia. Afahamishwe kwa upole kwamba cheo cha mwenye dhambi wa kwanza kilishachukuliwa na Mtume Paulo (1 Timotheo 1:15), na hakijatangazwa kuwa wazi.

Aina ya 5: Mpokeaji. Petro alikana mara tatu, akaulizwa mara tatu (Yohana 21), akakabidhiwa kondoo wa kulisha. Katika mazungumzo yale jogoo hakutajwa. Aina hii inakatisha tamaa watafiti: ukimfuata nyumbani utamkuta anakula bugali na sombe, hana dalili hata moja.

Zoezi (alama 20). Bainisha aina yako kwa ukurasa mmoja. Atakayeanza kwa kuniomba radhi kwa mwandiko mbaya atapata sifuri. Atasamehewa papo hapo. Sifuri itabaki, kwa sababu zilizoelezwa katika Aina ya 3.