Kitambaa cha Bibi na Mashine ya Milioni Tatu

Kona ilipigwa, mpira ukapaa, ukaganda hewani. Mabeki wakaganda. Kipa naye, mikono juu kama mtu anayeomba dua, akaganda. Tulipokuja kuuona tena mpira ulikuwa wavuni, na waliofungwa ni sisi.

"Umeona, baba?" mwanangu akaniuliza.

Nilikuwa nimeona. Ilikuwa mara ya sita jioni ile.

Mashine yenyewe ilikuwa zawadi. Nilimwahidi kijana kwamba akipata divisheni wani kidato cha nne nitamnunulia kompyuta ya mezani, na niliahidi kwa moyo mkunjufu wa mtu asiyetegemea kulipa. Matokeo yakatoka mwezi wa kwanza: divisheni wani, pointi 12. Mke wangu hakusema neno, alinitazama tu. Zikaondoka milioni tatu na ushee, fedha ambayo ningepatia bodaboda na chenji ya mafuta. Ndani ya boksi mlikuwa na prosesa ya Intel Core i5-12400, RAM ya GB 16, na kadi ya picha ya NVIDIA RTX 3060 yenye kumbukumbu yake yenyewe ya GB 12. Majina haya nayajua kama ninavyoyajua ya wanangu, maana kijana aliyataja miezi minne mfululizo kila tulipokaa kula.

Mashine ya namna hiyo haina sababu ya kutokwa jasho kwa gemu ya mpira ya EA Sports FC. Picha ya gemu ni fremu zinazofuatana upesi. Zikifika 60 kwa sekunde jicho langu halidai zaidi, na hapo kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kuchorwa. Yetu ilitoa fremu 17, ikijikaza 20. Hiyo si gemu, ni albamu ya harusi.

Kila mtu akatoa hukumu yake. Mimi nilisema ni bando. Kijana akanijibu kwa adabu kwamba anacheza na kompyuta, mtandaoni hayumo kabisa. Shemeji akasema umeme wa mtaa wetu hapa Tanga ni mdogo, akatuletea stabilaiza nzito kama mbuzi. Umeme ukatulia, mpira ukaendelea kuganda. Mke wangu akasema ni virusi, na alipoulizwa virusi gani akatuonyesha sisi.

Tukaipeleka kwa fundi. Fundi wa kompyuta ana dawa moja tu, kama zile za mnadani zinazotibu jino na mgongo: kupiga Windows upya. Akaipiga kwa 30,000, na ndani ya hizo 30,000 zikapotea picha zote za sendoff ya dada yake mke wangu, ambazo hazikuwa na nakala popote. Habari hiyo siiongezi neno, kwa sababu bado naishi nyumba moja na mwenye picha. Kisha akasema inatakiwa ipakuliwe draiva ya kadi, mamia ya megabaiti. "Draiva wa nini tena?" mke wangu akauliza. "Mmenunua gari?"

Lakini pale kwa fundi ilicheza! Akaichomekea skrini yake, akafungua gemu, mpira ukatiririka kama mafuta ya nazi. Tulisimama pale nusu saa, kijana anacheka peke yake. Tukairudisha nyumbani, nikaifunga mimi mwenyewe, tukawasha. Kona ikapigwa, mpira ukaganda hewani.

Mashine inayocheza kwa fundi na kugoma nyumbani ina tafsiri moja tu kwa mama yangu. Bibi alikuwa amekuja kutoka Muheza kwa kliniki ya macho, na kwa siku kadhaa alikaa kwenye kochi akiitazama ile mashine inavyomemeteka taa nyekundu na bluu ubavuni, watoto wa jirani wamejazana mlangoni kuishangaa. Akamwita mjukuu wake.

"Mume wangu, njoo hapa. Hiki kitu kimepigwa jicho."

"La nani, bibi?"

"Wangapi wamepita hapo mlangoni? Kitu cha thamani hakiachwi uchi."

Akafungua mkoba wake akatoa kitambaa cha kufuma, cheupe, kimepigwa wanga kikasimama kama mkate wa kusukuma. Mashine tulikuwa tumeisimamisha ndani ya kabati la sebuleni, chini ya televisheni. Bibi akatandika kwanza nailoni ya mezani, kitambaa kisichafuke, kisha kitambaa chenyewe, na juu yake kopo la maua ya plastiki. Kwa kweli palipendeza. Mpira haukuacha kuganda, ila haukuzidi, na bibi akasema dawa ya husuda haifanyi kazi siku moja.

Wiki mbili zilipita hivyo. Aliyetufumbua macho ni binti yangu wa miaka saba, aliyeingia nyuma ya kabati kutafuta hereni. Akauliza kutoka kulekule gizani, "Baba, haya matundu mbona mengine yamezibwa na vifuniko?"

"Matundu gani?"

"Haya ya huku chini. Waya umechomekwa kwenye tundu la juu."

Kijana alinyamaza ghafla, kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa mahakamani. Akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja huku gemu imefunguka, ikatokea orodha ya vinavyofanya kazi ndani ya mashine. Kadi za picha zilikuwa mbili. Ya kwanza, ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, ilikuwa asilimia 99, inakata roho. Ya pili, RTX 3060, ambayo kwayo nilikosa bodaboda, ilikuwa sifuri. Ilikuwa imelala. Hata vifuniko vyake vingine vya plastiki vya dukani haijavuliwa.

Kebo ya skrini ilikuwa imechomekwa kwenye mazabodi, bodi kuu ya mashine, badala ya kwenye kadi. Kwa hiyo mashine yetu ilichora picha zote kwa kile kijikadi cha prosesa, ambacho kimewekwa kwa ajili ya barua na mahesabu. Fundi alipochomeka skrini yake alichomeka panapostahili, bila hata kufikiri, ndiyo maana kwake ilicheza.

Na nani aliyechomeka nyumbani? Usiku ule wa kufungua boksi kijana alitaka kuifunga mwenyewe. Nilimsogeza kwa kiwiko. Nilimwambia nimefunga televisheni tangu yeye hajazaliwa. Maneno hayo alinikumbusha mke wangu, neno kwa neno, na sauti yangu akaigiza.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Intel ilitoa prosesa hiyohiyo ikiwa na herufi F mwishoni, i5-12400F, isiyo na kijikadi ndani. Kama tungekuwa na hiyo, lile tundu la juu lisingetoa picha yoyote. Skrini ingebaki nyeusi, na kosa langu lingejulikana ndani ya dakika moja. Sisi tuliongeza fedha kidogo tukanunua isiyo na F. Tulilipia uwezo wa kukosea kwa muda mrefu.

Tukahamisha kebo. Fremu zikapanda zaidi ya 100. Kijana akafunga matatu mfululizo, mke wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu picha za sendoff, na mimi nikatoka nje kupunga upepo kama mtu aliyejenga daraja.

Niliporudi, mpira ulikuwa umeganda hewani.

Safari hii ilikuwa tofauti: dakika kumi na tano safi, kisha inaanza kusuasua, ukiiacha ipumzike, inapona. Kijana akaweka programu ya bure inayosoma joto. Prosesa ilikuwa digrii 100, ambao ndio ukomo Intel iliouweka kwa i5-12400. Ikifika hapo hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Tukageuka wote, polepole, tukatazama maua ya plastiki.

Juu ya boksi la mashine yetu kuna matundu, na ndiko joto linakotokea. Wiki mbili zote kitambaa hakikudhuru kitu kwa sababu kadi kubwa ilikuwa imelala. Ilipoamka, RTX 3060 peke yake hula hadi wati 170, sawa na taa 17 za wati 10 zikiwa zimewashwa ndani ya kabati, Februari, Tanga, chini ya nailoni.

Sasa nani amwambie bibi? Mke wangu akasema yeye ni mkwe, hayumo. Mimi nikasema niliyoyafanya kwa siku moja yanatosha. Akatumwa mume wa bibi, yaani mjukuu wake.

Akapiga magoti mbele ya kochi. "Bibi, kitambaa kizuri sana. Ila hii mashine inapumulia juu."

Bibi akaitazama kwa muda. "Ina pua?"

"Ndiyo, bibi. Pale ulipoweka maua."

"Na mmeniacha siku zote hizi nimeiziba pua, mnanitazama tu!"

Akainuka mwenyewe, akatoa kopo, akakunja kitambaa, na nailoni akaitupa kwa ukali kama yeye ndiye aliyedanganywa. Kuhusu jicho la watu hakurudi nyuma hata kidogo: akataka zile taa nyekundu na bluu zizimwe, kwani kupumua hakuhitaji kung'ara. Kijana akazizima.

Tumeitoa mashine kabatini. Jana ilicheza saa mbili, joto digrii 74, hakuna kilichoganda. Kitambaa kiko juu ya friji na maua yake. Kebo nimekatazwa kuigusa.