Tumsifu That

Niende moja kwa moja kwa ninayemsifu. Anaitwa That, mwenyeji wa sarufi ya Kiingereza. Simsemi yule That anayenyoosha kidole kuonyesha kitabu kilicho mbali. Huyo ana jina na ana watu wake. Namsema yule mdogo wake, asiyekaziwa sauti, anayefuata nyuma ya kivumishi: glad that, sure that, afraid that, odd that. Hana maana. Ukimfungulia kamusi utaelezwa kazi anayoifanya, basi. Wanasarufi wamemtafutia cheo miaka nenda miaka rudi: mmoja humwita kiunganishi, mwingine amemtengea kundi lake peke yake, na bado wanabishana. Ni wangapi kati yetu waliowahi kugombanisha maprofesa bila kusema lolote?

Kazi yake ni ya mshenga. Upande mmoja yupo kivumishi na hisia zake au hukumu yake. Upande wa pili kipo kishazi kizima, chenye kiima, kitenzi na ukoo wote. That anaingia katikati, anabisha hodi, anaeleza kilichomleta, ndoa inafungwa. Siku ya harusi hakumbukwi. Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza mara nyingi hawamwiti, husema tu I'm glad you came, na ndoa haivunjiki. Hajawahi kulalamika.

Lakini tazama anavyopishwa akiamua kuja. Mwingereza huogopa nyoka kwa kihusishi, afraid of snakes. Hujivunia watoto kwa kihusishi hichohicho, proud of them. That akitokea mlangoni, of anainuka na kutoka bila kuambiwa: afraid that, proud that. Mwanafunzi anayeandika I am proud of that my sister passed hupigiwa mstari mwekundu, wala haambiwi kosa ni nini. Aambiwe nini? Mshenga ameketi, kiti ni kimoja.

Wasiompenda husema hana utaratibu, na hapo ndipo mimi ninapovua kofia. Possible humkaribisha, na hata impossible, mpinzani wake, humkaribisha vilevile. Easy na difficult wamemfungia mlango wote wawili. Happy humpokea kwa mikono miwili. Fond, ambaye ungedhani ana moyo laini kuliko wote, hataki hata kumwona. Likely na probable wanakaribiana maana kama pacha, na wote ni wenyeji wake: It is likely that he will come, It is probable that he will come. Kumbe likely ana mlango wa nyuma, He is likely to come, na probable hana. Ukiandika He is probable to come utaeleweka vizuri sana, na utapata sifuri. Mzaliwa wa London anayajua haya yote bila kufundishwa, na ukimwomba sababu atakuambia kwamba inasikika vibaya.

Vitabu vizito vya sarufi navyo vimejaribu. Kipo kile cha Quirk na wenzake cha 1985, na kile cha Huddleston na Pullum cha 2002, kinachozidi kurasa 1,800. Ndani yake mna uchambuzi wa kupendeza, lakini ukibana swali la nani humpokea That na nani humkataa, sehemu kubwa ya jibu unalopewa ni orodha. Orodha ni namna ya msomi ya kusema ndivyo tulivyokuta. Basi na tuwe na shukrani. Fikiria walimu wa tuisheni, watunga mitihani, wachapishaji wa vijitabu vya kuandika upya sentensi kwa kuanza na It. Kutoka Kisumu hadi Mtwara zipo nyumba zinazopika jioni kwa sababu easy alimkataa That.

Nisikawie huko, maana kipaji chake kikubwa bado sijakitaja. Mwaka 1970 wanaisimu Paul na Carol Kiparsky walichapisha makala yenye jina fupi kabisa, "Fact", wakaonyesha jambo ambalo wanasheria wajanja walikuwa wakilitumia bila kulipa jina. Nikisema It is likely that the money is gone, sijakuhakikishia kitu; huenda fedha zipo. Nikisema It is odd that the money is gone, fedha zimekwenda, na tulichobakiwa nacho ni kujadili kama ni ajabu. Sasa nikatalie. Sema si ajabu hata kidogo: It is not odd that the money is gone. Fedha bado hazipo! Ukanushi wako umemgonga kivumishi, naye That amekwisha kuvusha mzigo.

Mpe wakili kipaji hicho. Anamwuliza mshtakiwa: Are you sorry that you took the goat? Akijibu ndiyo, mbuzi kamchukua. Akijibu hapana, mbuzi kamchukua na haya hana. Mahakama nzima inakodolea macho sorry, neno zito lenye machozi yake, na hakuna anayeona mbuzi anapita.

Kwa hiyo nashangaa kwamba wakubwa wa dunia inayotawaliwa kwa Kiingereza hawajamjengea sanamu. Ukiomba radhi kwa sorry for, msikilizaji anasubiri utaje ulichokifanya. Sorry that hukuachia uchague kiima chochote, na mwenye busara hachagui jina lake. We are sorry that you were inconvenienced. Nani alikusumbua? Sentensi haina habari. Iliyo bora zaidi ni We are sorry that you feel this way, kwani hapo kosa limekwisha kuhama ofisini likahamia kifuani mwako. Na ikiwa hata ule wingi wa we unaonekana ni kujitwisha mengi, yupo it: It is regrettable that the ceiling fell. Huyo it si mtu, si ofisi, wala si dari. Kuna majuto, mwenye kujuta hayupo. Nimewahi kupokea barua ya namna hiyo, ilitoka wapi sisemi, nikaisoma nikairudia mpaka nikaanza kuhisi kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuandika barua ya kuwataka radhi.

Hata amri hupitia kwake. Mmarekani akisema It is essential that he attend, ameamuru. Akiongeza s moja tu mwishoni mwa attend, sentensi inaweza kuwa habari ya mtu ambaye huhudhuria kila mara na mahudhurio yake yana faida. Mwingereza wa Uingereza mara nyingi huiweka hiyo s na bado akakusudia amri, au huita should aje amsaidie. Sisi tunaosema ni muhimu ahudhurie, tukamaliza, hatuna sababu ya kuwacheka. Tuwatazame tu.

Na asidhani mtu kwamba huyu ni mgeni aliyepanda cheo juzi. Katika miswada ya Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, neno hili liliandikwa mara nyingi mno hata makarani wakachoka. Wakaziacha herufi nyingine zote, wakabakiza þ peke yake, ile yenye sauti ya th, wakaikata kwa kistari, ikatosha. Neno linalofupishwa hivyo ni neno ambalo hakuna anayeweza kulikimbia.

Ukoo wake nao umepata kufikishwa mbele ya wasomaji. Mei 1711, katika gazeti la The Spectator la London, Richard Steele aliandika ombi la kejeli kwa niaba ya Who na Which, wakilia kwamba That amewapora nafasi zao. Toleo la namba 80, siku chache baadaye, lilimpa That nafasi ya kujibu, naye hakujibu kwa unyonge. Alijisifu kwamba anaweza kusimama mara nyingi mfululizo na sentensi isianguke. Huyo alikuwa That wa virejeshi, binamu wa huyu wetu, lakini majigambo ni ya familia nzima. Wakikutana wote nyuma ya kivumishi kimoja, mambo huwa hivi: I am glad that that that that that boy wrote has been corrected. Wa kwanza ni mshenga wetu. Wa pili ananyoosha kidole. Wa tatu ni neno lenyewe lililoandikwa vibaya. Wa nne ni yule wa Steele, na wa tano anamwonyesha kijana. Mwondoe wa kwanza, sentensi inasimama. Mwondoe na wa nne, bado inasimama. Gusa yeyote kati ya watatu waliobaki na mtahini atakukata maksi, akishamaliza kuwahesabu kwa kidole.